Ametelekezwa, Mwenye Naye Ajitokeze

Mwl. Hellen Kokugonza (mstaafu),
Nyumba yenye mlango wa bluu, nyuma ya mashine ya kukoboa kahawa,
Rwenkoma, njia ya Bukoba–Muleba.

Kwa Mkuu wa Kitengo cha Kuondosha Magari Yaliyotelekezwa na Yenye Thamani Ndogo,
Mamlaka ya Mji Mdogo wa Rwenkoma.

YAH: TANGAZO LA GARI KUBANDIKWA MLANGONI KWANGU, NA MADHARA YALIYOFUATA

Ndugu Mkuu wa Kitengo,

Kwanza nakupongeza kwa kupata kitengo. Mji wetu ulikuwa na magari mabovu mengi na vitengo vichache, na sasa idadi zimeanza kukaribiana.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Nimefundisha darasa la nne hapa hapa Rwenkoma mpaka vumbi la chaki likanikaa kifuani, na nusu ya watumishi wa ofisi yako wamepita mikononi mwangu, akiwemo Mtendaji wa mtaa wetu, Ndugu Mushumbusi. Nalitaja hilo mapema ili ujue kwamba siandiki kwa chuki. Naandika kwa masikitiko ya kikazi.

Nje ya ua wangu, pembeni mwa barabara, imesimama pikapu nyeupe ya mume wangu, Bwana Kamala. Haitembei. Hilo sibishani nalo. Wiki iliyopita, nikiwa kanisani kwenye mazoezi ya kwaya, Ndugu Mushumbusi alikuja na kopo la gundi ya unga wa muhogo na tangazo la kitengo chako, alibandike kwenye gari. Bodi la gari lina kutu, na mvua ilikuwa imetoka kunyesha, kwa hiyo karatasi ilikataa kushika. Mtumishi mwenye bidii harudi ofisini na karatasi mkononi. Akatafuta kitu kikavu kilichokuwa karibu, akaibandika hapo. Kitu hicho ni mlango wa nyumba yangu.

Maneno ya tangazo nayanakili bila kuongeza wala kupunguza:

"AMETELEKEZWA. HANA THAMANI KUBWA. MWENYE NAYE AJITOKEZE KABLA YA MWISHO WA MWEZI. ASIPOJITOKEZA, ATAVUTWA NA KUUZWA KWA MNADA KAMA ALIVYO, MAHALI ALIPO."

Juu ya neno la kwanza palikuwa na neno GARI, limeandikwa kwa kalamu. Matone ya paa yaliondoka nalo kabla sijafika nyumbani. Yaliyobaki yamepigwa chapa, na chapa yenu ni imara.

Haya ndiyo malalamiko yangu.

1. Ngeli. Gari ni ngeli ya LI-YA. Gari limetelekezwa, magari yametelekezwa. Hili mtoto wa darasa la nne analijua, na asipolijua haendi mapumziko. Nilimwita Ndugu Mushumbusi nikamwuliza. Akasema, huku akiangalia viatu vyake kama alivyokuwa akiviangalia utotoni, "Mwalimu waitu, mwalimu wetu, ofisi haina fomu za magari." Fomu mlizokuwa nazo ni za mbuzi wanaozurura sokoni. Mbuzi ni kiumbe hai, naye huchukua A-WA: mbuzi ametelekezwa, mwenye naye ajitokeze, atauzwa kama alivyo. Mkafuta neno "mbuzi" mkaona kazi imekwisha. Ndugu Mkuu, mbuzi akifutwa anafutwa na miguu yake yote. Ninyi mmefuta kichwa tu, na miguu imekuja kusimama mlangoni kwangu.

2. Wasomaji. Rwenkoma ina sifa moja ambayo sisi wenyewe tunajivunia, kwamba hakuna asiyejua kusoma. Kwa bahati mbaya ni kweli. Wa kwanza kusoma alikuwa jirani yangu Hafidha, anayekaanga vitumbua kibarazani kwake. Huyu ni mwanamke mwenye huruma. Aliona aibu kwa niaba yangu, akachukua khanga yake akaifunika ile karatasi. Kuanzia hapo hata mpita njia aliyekuwa na haraka ya basi la Bukoba alisimama, akasogea, akainua khanga, akasoma, akairudisha taratibu. Nilifika nikakuta foleni.

Kesho yake walikuja wanakwaya wenzangu wakiwa na sufuria la maharage na mchele, kama watu wanaokwenda msibani. Waliimba beti zote nne. Sauti ya pili ilikosekana kwa kuwa sauti ya pili huwa ni mimi, na niliona si vizuri mfiwa kujiimbia. Hakuna aliyeniuliza nini kimetokea. Walinishika bega tu, mmoja mmoja, kisha wakala yale maharage.

3. Wanunuzi. Hili naomba ulisome ukiwa umekaa.

Mzee Ndyamukama, mgane kutoka Rubafu, ambaye nilikuwa namfahamu kwa salamu tu, alifika Jumatano akiwa amevaa koti. Alikuwa na mkungu wa ebitoke, ndizi zetu za kupika, begani na kahawa ya kutafuna kwenye jani la mgomba. Alinisalimu kwa heshima zote, akauliza mnada utakuwa siku gani, na kama sheria inaruhusu mteja kukagua kabla. Nilimweleza kwamba kuna kosa la upatanisho wa kisarufi. Akasema anaelewa, hata yeye ana makosa yake. Kilichomsumbua ni maneno "mahali alipo". Alitaka kujua kama mshindi wa mnada atalazimika kuhamia Rwenkoma, maana ana kibanja Rubafu na migomba haiwezi kuachwa peke yake. Nilimwambia aulize kitengo chako. Ukimwona mzee mwenye koti ofisini kwako, ndiye huyo. Ebitoke zake nilizipokea kwa kuwa kumrudisha mtu na mzigo Rubafu ni ukatili, na ninaomba kupokea huko kusihesabiwe kuwa ni dhamana ya zabuni.

4. Gari lenyewe halijatelekezwa. Nasema hivyo nikiwa nalitazama dirishani. Ndani ya kibini, wanamoingia kwa dirisha lisilofunga, kuku wangu wawili wanatagia, mmoja kila upande, na hawagombani. Kwenye boneti Hafidha anaanika kahawa yake kwa sababu bati linapata moto mapema. Msimu wa senene vijana wanapanda juu ya kibini kufunga taa za kuwavuta panzi hao na mabati yao ya kuwakinga. Wakati wa chanjo, Ndugu Mushumbusi huyu huyu alisimama nyuma ya pikapu hiyo, juu ya bodi, akawahutubia wananchi kwa muda mrefu kuliko uliohitajika. Gari linalotoa mayai, linalokausha kahawa na linalobeba Serikali, mimi naliita mtumishi. Wapo watumishi wa Mamlaka wanaofanya machache kuliko hayo na hawajabandikwa kitu.

5. Gari lina mwenyewe, naye amekwenda kutafuta spea.

Hapa nitaeleza kidogo, kwa kuwa ndipo penye uzito. Bwana Kamala alikuwa akipakia ndizi kwenda Bukoba na kurudi na abiria wasio na haraka. Giaboksi ilikufa mbele ya nyumba yetu wenyewe, jambo ambalo nililichukulia kuwa ni uungwana wa gari. Alishuka, akalizunguka, akafunga milango yote, akatia ufunguo mfukoni. Akaniambia, "Hellen, nakwenda kutafuta spea. Mtu asiliguse." Akapanda basi la Muleba.

Muleba spea haikupatikana. Akapata habari kwamba Goziba, kule kisiwani, kuna biashara nzuri ya dagaa, akavuka ili apate fedha ya spea. Tangu hapo senene wamekuja na kuondoka zaidi ya mara moja. Watu wenye nia mbaya wamenikumbusha kwamba Goziba ni kisiwa cha mitumbwi, hakuna gari hata moja, na pasipo na gari hapawezi kuwa na giaboksi. Nimewajibu kwamba ndiyo maana anachelewa. Simu yake haipatikani. Mtandao wa visiwani kila mtu anaujua.

Ushahidi wangu ni ufunguo. Mtu anayetelekeza gari huuacha ufunguo mezani, juu ya kitambaa, au humpa mtu. Yeye ameondoka nao. Nimelifikiria jambo hili kwa marefu na mapana na sioni maelezo mengine. Kila Jumamosi naliosha gari lile, vioo kwanza, kisha milango, kisha namba, ili siku akishuka kwenye basi alione kwanza gari, ajue hapa ndipo. Nitasema wazi, kwa kuwa barua ya kiofisi haitakiwi kuficha kitu: nyumba zote za upande huu zimepauliwa upya na miti imekua. Likivutwa gari hilo, naogopa atapita.

6. Uwanja wa Mamlaka. Nyuma ya ofisi yako kuna greda ambalo mpera umeota katikati yake, na mwaka huu umezaa. Kuna trekta lisilo na tairi la mbele, limepiga goti kama linasali. Kuna gari la wagonjwa lenye popo. Sikuona karatasi yoyote kwenye hivyo vitu, na nilitazama pande zote. Nilipouliza mapokezi, nikaambiwa kwa upole kwamba havijatelekezwa, vinasubiri spea.

Nimefurahi sana kusikia hivyo. Basi na langu linasubiri spea. Kama Serikali inaweza kusubiri spea mpaka mpera uzae na bado isiitwe imetelekezwa, na mimi naomba nihesabiwe hivyo hivyo.

7. Tathmini. Nimeuliza ni nani aliyepima thamani. Nimeambiwa ilikuja kamati. Hafidha, aliyeiona, anasema mjumbe mmoja alipiga teke tairi la nyuma, mwingine akaandika, wa tatu akanunua vitumbua. Kwa kuwa tangazo sasa linanihusu mimi, naomba nijulishwe kwa maandishi kama kamati itarudi, na kama itatumia njia ile ile.

8. Maombi yangu ni haya.

(a) Kwamba mchape fomu za magari. Niko tayari kusahihisha nakala ya kwanza bila malipo, kwa kalamu nyekundu yangu mwenyewe.

(b) Kwamba muda ulioandikwa usiishe mwisho wa mwezi, bali uishe pale mwenye naye atakapojitokeza, hata kama ni mwakani au baadaye.

(c) Kwamba, kama sheria inawalazimisha kuondosha kitu kilichosimama bila kusogea, basi mhakikishe kwanza ni kipi kilichosimama. Gari liko mahali liliposimamishwa. Mimi niko mahali nilipoachwa nikiambiwa nisubiri. Aliyekwenda na hajasogea kurudi ni mmoja tu, naye yuko Goziba. Fomu yenu ya mbuzi inamfaa bila kubadilisha hata herufi. Ibandikeni kwenye nguzo ya mwalo kule kisiwani, mahali mitumbwi inapoegeshwa, na wavuvi wataisoma. Mwenye naye ni mimi. Najitokeza sasa hivi, kwa barua hii, na naomba avutwe.

(d) Kwamba brekidauni ya Mamlaka ipakiwe kwenye boti na kupelekwa huko. Najua boti za Goziba hazibebi magari. Najua pia kwamba brekidauni yenyewe inasubiri spea. Natoa ombi tu, ili liwe kwenye kumbukumbu.

9. Jambo la mwisho si lalamiko. Pengine umejiuliza kwa nini, pamoja na yote haya, sijaibandua karatasi. Gundi ya muhogo hutoka kwa maji ya uvuguvugu. Ningeweza kuitoa siku ile ile.

Nilikwenda na beseni. Nikaisoma mara ya pili, taratibu, kama ninavyosoma insha ya mtoto niliyekwisha kumkatia tamaa. Nikafika kwenye "mwenye naye ajitokeze". Ndugu Mkuu, mimi mwenyewe sijawahi kumwita mume wangu kwa sauti namna hiyo. Nimemngoja kimya kimya, kwa adabu, na watu wakiuliza nasema amekwenda kutafuta spea. Nikawaza kwamba karatasi yenye mhuri wa Serikali huenda ikafika mahali ambapo mimi sifiki. Nikamwaga yale maji kwenye maua. Kwa hiyo naomba isibanduliwe kwanza, ila irekebishwe. Najua ombi hilo linapingana na lalamiko la kwanza, na sina la kulifanya.

Nakutakia kazi njema na mafuta ya kutosha. Nisalimie ofisi nzima: Mama Jovita wa masjala, ambaye bado ananidai kitabu chake cha nyimbo, mlinzi wa getini na mguu wake mgonjwa, dereva wa greda, mwambie mapera yakiiva asiwasahau walimu wake, na Ndugu Mushumbusi, ambaye pamoja na yote haya alikuwa na hati nzuri kuliko wote darasani. Wasalimie na nyumbani kwako.

Wako katika kungoja kwa adabu,

Mwl. Hellen Kokugonza
(mke wa Bwana Kamala)

Nakala:
Mwenyekiti wa Mtaa.
Mchungaji wa usharika, ili awaeleze wanakwaya kwamba mimi ni mzima.
Mzee Ndyamukama, Rubafu, kwa taarifa tu. Hakuna haja ya kuja.

Nyongeza:

Barua hii nilikwisha kuifunga kwenye bahasha. Nimeifungua.

Asubuhi hii Bwana Kamala amepiga simu. Mtandao ulikuwa mzuri sana, nilisikia hata jogoo wa upande wake. Habari za tangazo lenu zimevuka ziwa zikamfikia. Aliuliza kama matairi bado yapo. Nikasema yapo. Akauliza betri, nikasema ipo. Akauliza kioo cha mbele, nikamwambia nakiosha kila Jumamosi. Akasema vizuri, basi nisiwaruhusu ninyi kulichukua, kwa sababu ameshaliuza kwa mtu wa vyuma chakavu wa Muleba, naye atafika keshokutwa kulikata. Nimwonyeshe tu lilipo. Nilimpa nafasi ya kuendelea, maana nilidhani anavuta pumzi. Akasema "Haya", akakata.

Kwa hiyo naomba ufute malalamiko yote, kuanzia la kwanza. Tangazo limefanya kazi yake, na mwenye nalo amejitokeza. Mwenye naye hajajitokeza. Mwambie Ndugu Mushumbusi kwamba Mwalimu amerudia kusahihisha kazi yake, na mwanafunzi hakukosea, wala hakukosea mahali pa kubandika. Inaniuma kuandika hivyo kuliko nilivyotegemea, na nimeandika.

Gari limetelekezwa. Nashuhudia hivyo kama mkazi na kama mwalimu. Leteni brekidauni kesho mapema, kabla ya yule mtu wa Muleba, na kama bado inasubiri spea njooni na watu tu, tutasukuma. Kuku nimewahamishia jikoni. Mawe niliyokuwa nimeyapanga nyuma ya matairi, lisije likasogea, nimeshayatoa mwenyewe.